Kilebu na Watoto Wadogo: Amua Wakati Kabla ya Kuamua Mbwa

Anayeomba mbwa huwa ni mtoto wa miaka 7. Anayepaswa kuamua tarehe ni mdogo wake anayetambaa. Mwangalie huyo: kama bado anaokota kila kitu sakafuni na kukitia mdomoni, subirini.

Tatizo la kwanza ni minyoo. Kilebu huambukizwa minyoo ya mviringo akiwa bado tumboni mwa mama yake, kisha tena anaponyonya. Mayai yake hutoka na kinyesi, hukaa udongoni miezi mingi, na mtoto anayelamba vidole huyameza. La pili ni meno. Meno ya utoto ya kilebu ni makali kama sindano, na hung'ata kwa kucheza mpaka yang'oke yote, karibu na miezi 6. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiumwa hupiga kelele na kukimbia, na kilebu akiona kinachokimbia hukifukuza. Kuanzia miaka 5 au 6 watoto wengi wanaweza kushika amri mbili zisizo na mjadala: hagusi mbwa anayekula, hagusi mbwa aliyelala. Hata hapo, mtoto na mbwa wasiachwe peke yao. Na kama kuna mimba nyumbani, mambo ya mbwa yaahirishwe.

Sasa hesabu saa za watu wazima. Kilebu wa miezi 2 hawezi kubana mkojo zaidi ya saa 2 au 3 mchana, na hula mara 4 kwa siku hadi afike miezi 3, kisha mara 3 hadi miezi 6. Kama nyote mnatoka saa 12 asubuhi na kurudi saa 1 usiku, kazi yote itamwangukia dada wa kazi. Mwulizeni kwanza. Wapo wasiogusa mbwa kwa sababu ya dini, wapo wanaoogopa, na wana haki ya kukataa.

Kabla ya kulipa hata shilingi, fanyeni jaribio la siku 7. Tegeni kengele ya simu saa 11 alfajiri, kisha kila baada ya saa 3 hadi saa 5 usiku. Kila ikilia, mtu mzima mmoja aache anachofanya, atoke uani, asimame dakika 10. Kengele zikianza kurukwa siku ya nne, mwaka huu bado.

Likizo ya shule inafaa, ile ya Agosti kwa Kenya au ya Juni kwa Tanzania, na mleteni kilebu wiki ya kwanza ya likizo. Desemba haifai kabisa: kuna safari za kijijini, wageni, mifupa ya kuku iliyopikwa (hupasuka vipande vyenye ncha na kuchoma utumbo), na fataki za mwaka mpya.

Mchukueni akiwa na wiki 8. Wale wa wiki 4 au 5 wanaouzwa kando ya barabara waacheni, hata wawe wazuri namna gani. Kwa ndugu zake ndiko kilebu anakojifunza kupima nguvu ya meno: akimng'ata mwenzake sana, mwenzake hulia na mchezo hukatika. Aliyetolewa mapema hujifunzia mikononi mwa watoto wenu.

Dai kadi ya chanjo yenye muhuri wa daktari wa mifugo. Chanjo ya parvo (ugonjwa wa kuharisha damu) na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua vilebu, huanza wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Dawa ya minyoo ni kila wiki 2 hadi wiki 12, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Chanjo ya kichaa cha mbwa huchomwa akifika miezi 3, kwa hiyo kabla ya hapo asivuke geti. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Na kama uani kwenu aliwahi kufa mbwa kwa kuharisha damu, virusi vya parvo vinaweza kuishi udongoni hadi mwaka. Sakafu ya saruji husafishika kwa jiki, kipimo 1 kwa maji 30, udongo hausafishiki. Hapo msilete kilebu wa wiki 8. Tafuteni aliyekwisha kumaliza chanjo zote.