Siku moja Roma na muongoza watalii: jinsi ya kuipanga usije ukachosha miguu bure

Wengi wakipata nafasi ya kupita Roma wanakimbilia ile tua (ziara ya kuongozwa) inayoahidi kila kitu kwa siku moja, Colosseum, ule uwanja wa kale wa michezo, asubuhi, Vatican kwa Papa mchana, chemchemi jioni, na mimi nakwambia mapema kabisa hiyo achana nayo. Colosseum inataka nusu siku yake na Vatican inataka nusu siku yake, na zote mbili zinataka kichwa ambacho hakijachoka. Ukizibana pamoja jioni utakuwa na picha kibao kwenye simu na hujui hata hii ilikuwa nini na ile ilikuwa nini. Kwa hiyo fanya hivi: muongozaji mlipie kwa zile sehemu ambazo mawe hayajielezi yenyewe, halafu kule kunakojieleza nenda mwenyewe taratibu. Kwa Roma hiyo ni Colosseum na Forum, ule uwanja wa kale wa mji wenye magofu ya mahekalu, asubuhi pamoja na muongozaji, mchana mpaka jioni uko huru, Vatican iachie kesho.

Sasa tiketi, maana hapa ndo watu wanakwama. Tiketi ya Colosseum siku hizi ina jina lako na mlangoni wanaangalia kitambulisho, kwa hiyo hata kama unabuku kupitia kampuni ya tua andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, siyo lile la mtandaoni wala la utani. Na ina saa ya kuingia, ukichelewa grupu haikusubiri kwa sababu hata wao wakisubiri wanapoteza zamu yao, so fika sehemu ya kukutana mapema, kabla hujaanza kutafuta bendera ya muongozaji kati ya bendera nyingine zote zilizosimama pale nje ya stesheni ya metro ya Colosseo. Tiketi ya kawaida inakuingiza pia Forum na kilima cha Palatino, hilo wengi hawalijui wanatoka Colosseum wanaenda zao kula, wakati nusu ya walicholipia kiko ng'ambo ya barabara. Jumapili ya kwanza ya mwezi kuingia ni bure lakini watu wanajaa kweli kweli, kama una siku moja tu usiipangie hapo.

Kabla hujalipa kampuni yoyote uliza mko wangapi kwenye grupu. Ukiwa wa 30 nyuma kabisa wewe unaona mgongo wa mtu, basi. Uliza kama wanatoa hedifoni, kwa sababu pale kelele ni nyingi na muongozaji anaongea huku anatembea, bila hedifoni utashika neno moja moja. Italia muongozaji anatakiwa awe na leseni, na wenye leseni wanavaa kitambulisho chao shingoni, kwa hiyo yule anayekufuata pembeni ya foleni anakwambia "twende nakuingiza sasa hivi", huyo mpite tu. Zile tua za kutembea zinazoitwa za bure nazo ni nzuri kwa katikati ya mji, ila ujue muongozaji anaishi kwa bakshishi, usimsikilize masaa mawili halafu ukajichanganya na watu ukapotea, siyo vizuri.

Vaa raba, zenye soli nene, yale mawe ya barabarani ni ya vipande vipande na Forum njia zake haziko sawa. Begi liwe dogo, makubwa hayaruhusiwi Colosseum na kuna ukaguzi kama wa eapoti, chupa za glasi acha hotelini. Chupa ya plastiki beba lakini usihangaike kununua maji kila saa, mji mzima una mabomba ya chuma mitaani wanayaita nasoni yanatoa maji safi ya baridi siku nzima, na ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole maji yanaruka juu kwenye katundu kadogo unakunywa bila kuinama chini.

Tukifika ndani sasa, hapa ndo utaona hela ya muongozaji imeenda wapi. Colosseum ilianza kujengwa na mfalme Vespasian na mwanae Titus akaifungua mwaka 80, na palipojengwa palikuwa ziwa la kuchimba la Nero, mfalme wa kabla yake, kwenye jumba lake, yaani mfalme mpya alichukua starehe ya mtu mmoja akaifanya ya mji mzima. Mwambie akuonyeshe namba za Kirumi juu ya milango ya nje, watu walikuwa wanaingia kwa namba za milango vile vile kama uwanja wa mpira leo. Muulize na yale matundu yaliyotapakaa ukutani, wengi wanadhani ni risasi, kumbe watu wa zamani walitoboa kung'oa vyuma vilivyoshikilia mawe. Peke yako ungepita hapo ukapiga selfi ukaondoka.

Forum ndo zaidi. Bila mtu wa kukueleza ni nguzo na vifusi na jua la kichwani. Ukiwa naye anakusimamisha chini ya tao la Titus anakuonyesha wanajeshi wamebeba kinara cha taa saba kutoka hekalu la Yerusalemu lililobomolewa mwaka 70, kimechongwa pale pale. Mbele kidogo kuna mabaki ya hekalu la Julius Caesar, mtawala wa Roma aliyeuawa, sehemu walipomchoma maiti yake mwaka 44 kabla ya Kristo, na mpaka leo watu wanaacha maua. Halafu kuna hekalu la mfalme Antoninus na mkewe Faustina lililogeuzwa kanisa, mlango wake uko juu hewani hakuna ngazi ya kuufikia, kwa sababu ulipowekwa ardhi ilikuwa imejaa mpaka pale juu, baadaye ndo wakachimba kushuka. Mimi hapo ndo naona mtu anaelewa Roma, mji juu ya mji.

Baada ya hapo mshukuru muongozaji, kula, pumzika. Migahawa yenye picha za chakula mlangoni na mtu wa kukuvuta mkono ruka, ingia mitaa ya Monti hapo nyuma. Kahawa ukinywa umesimama kaunta ni bei nafuu kuliko ukikaa mezani, ndo utaratibu wao, siyo kwamba wamekuonea.

Mchana tembea mwenyewe mpaka Pantheon, hekalu la kale ambalo sasa ni kanisa. Tangu Julai 2023 watalii wanalipa kuingia, na inastahili. Kuba la zege lina upana wa mita 43 na zaidi, halina nondo hata moja, juu lina tundu wazi, mvua inaingia na sakafu ina vitobo vya kutoa maji. Kutoka hapo Piazza Navona ni dakika chache, na pale tafuta chemchemi ya mito minne ya mchongaji Bernini ya mwaka 1651. Mto Nile amemchonga mtu aliyefunika kichwa, kwa sababu Ulaya wakati huo hawakujua chanzo chake kiko wapi, na sisi tunaotoka kwenye Ziwa Victoria lenyewe tukisimama pale lazima tuangalie mara mbili. Chemchemi ya Trevi nenda jioni sana au alfajiri, katikati ni msongamano na vibaka, simu na pochi ziwe mbele. Sarafu zinazotupwa zinaenda kwa Caritas, shirika la Kanisa Katoliki, kusaidia maskini, kwa hiyo tupa kwa moyo mweupe. Zile ngazi za Kihispania (Spanish Steps) usikae, tangu 2019 ni faini na inafika euro 400.

Kesho ukienda Vatican funika mabega na magoti, la sivyo mlangoni mwa kanisa la Mtakatifu Petro unarudishwa. Makumbusho hufungwa Jumapili isipokuwa ya mwisho wa mwezi, na Jumatano asubuhi Papa akiwa na hadhara yake uwanja unajaa. Muongozaji atakueleza michoro ya Michelangelo mkiwa bado nje, kwenye mabango ya uani, msikilize hapo hapo kwa sababu ndani ya Sistine, kanisa dogo lenye michoro hiyo, haruhusiwi kuongea, na picha nazo hairuhusiwi.