Kuchagua kifaa cha kuonyesha njia nje ya lami: Menengai, Kakamega, Kerio na Elgon

Kwa safari nyingi za mchana pande hizi, simu uliyo nayo inatosha. Watu hupotea kwa sababu ya chaji kuisha, mvua, na koodineti (namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani) zilizoandikwa vibaya; ni mara chache sana mtu apotee kwa kukosa kifaa cha bei. Kwa hivyo usianzie dukani.

Hatua ya 1: Pima safari

Jiulize utakaa saa ngapi mbali na chaji, na anga itaonekana kiasi gani. Kushuka kreta ya Menengai na kupanda tena siku hiyo hiyo, simu na pawabenki zinatosha. Ndani ya msitu wa Kakamega, majani na mashina huzuia ishara za satelaiti au kuzirudisha kombo, na alama yako kwenye ramani inaweza kurukaruka makumi ya mita hata ukiwa umesimama. Bonde la Kerio kwa gari, chaji ipo. Adui ni njia iliyokatwa na korongo mvua iliponyesha, na hilo hakuna kifaa kitakachokuambia. Uliza watu wa bodaboda. Elgon kwa siku tatu au nne ni habari nyingine: baridi ya usiku hunyonya betri. Lala na simu ndani ya mfuko wa kulalia.

Hatua ya 2: Andaa simu

GPS haihitaji bando wala laini. Simu hupokea tu ishara za satelaiti. Kinachohitaji intaneti ni ramani yenyewe. Pakua ramani ya Kenya kwenye Organic Maps au OsmAnd ukiwa kwenye WiFi, kisha weka simu katika hali ya ndege, toka nje, ukuze ramani ya eneo unalokwenda. Vijia visipoonekana, hujapakua. Hali ya ndege ibakie hivyo hivyo porini, maana simu inayotafuta mtandao usiokuwepo humaliza betri haraka.

Bila intaneti, simu iliyokaa muda mrefu bila kutumia GPS inaweza kuchukua dakika kadhaa kupata satelaiti. Iwashe kabla hujaacha lami.

Pawabenki ya mAh 10,000 haitoi chaji mbili kwa simu ya mAh 5,000. Nguvu nyingine hupotea njiani. Hesabu chaji moja na nusu hivi, au pungufu. Kwa pikipiki, usifunge simu moja kwa moja kwenye usukani: mtetemo wa murram huharibu kamera. Tafuta kishikio chenye mpira wa kupunguza mtetemo.

Hatua ya 3: Amua kama unahitaji GPS ya mkononi

Nunua ikiwa unalala nje, au unasafiri masika. Chagua yenye vitufe, kwa sababu skrini ya kugusa hudhani matone ya mvua ni vidole. Iwe inatumia betri mbili za AA, ambazo utazipata hata duka la kijijini, na iwe na alama ya IPX7, yaani hustahimili maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Kwa Elgon beba AA za lithiamu, kwani zinavumilia baridi kuliko za kawaida. Skrini kubwa yenye rangi nzuri ni anasa, kwa maoni yangu.

Hatua ya 4: Sawazisha koodineti

Hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu ikweta inapita katikati ya eneo letu.

Menengai iko karibu -0.20, 36.07. Ukisahau ile alama ya kutoa, inayomaanisha kusini mwa ikweta, kifaa kitakupeleka kilomita 44 kaskazini, upande wa Ziwa Bogoria, na hakitalalamika kwa sababu hapo pia ni mahali halali. Tena, nyuzi 0 dakika 12 si 0.12, ni 0.20. Kosa hilo pekee ni karibu kilomita 9. Kubalianeni kundi zima kutumia mfumo mmoja, wa desimali, kisha kila mtu asome namba kwa sauti.

Ukitumia UTM, yaani mfumo unaogawa dunia katika zoni na kupima mahali kwa mita, kumbuka mpaka wa zoni 36 na 37 uko longitudo 36, magharibi kidogo tu ya Nakuru mjini. Nakuru ni zoni 37. Njoro, Kisumu na Elgon ni zoni 36. Namba ya kaskazini nayo hukatika ikweta, kusini yake huhesabiwa kutoka 10,000,000 na kaskazini yake kutoka 0: Kisumu ni karibu 9,990,000, Kakamega ni karibu 31,000.

Ramani za karatasi za Survey of Kenya za 1:50,000 zimechorwa kwa datumi (msingi wa kupimia mahali duniani) ya Arc 1960, ilhali simu hutumia WGS84. Tofauti ni takriban mita 300. Uwandani utacheka, kwenye ukingo wa Elgeyo, hizo ni mita za kukuweka upande mwingine wa jabali. Unapochukua namba kwenye karatasi, badilisha datumi ya GPS iwe Arc 1960 kwanza, kisha irudishe.

Hatua ya 5: Dira na kuomba msaada

Dira iliyosawazishwa kwa Ulaya, sindano yake huinama na kukwama huku. Nunua ya dunia nzima. Usiisome ukiwa karibu na gari, na Menengai usiiweke juu ya mwamba wa lava.

GPS haitumi ujumbe. Pasipo na mtandao unahitaji kifaa cha kutuma ujumbe kwa satelaiti kama inReach, na ada yake iwe imelipwa kabla ya kuondoka. Bila ada, hata kitufe cha SOS hakitakusaidia.

Hatua ya 6: Jaribu mtaani

Anza kurekodi njia, zima skrini, tembea nusu kilomita yenye kona, kisha rudi ukifuata mstari wako. Mstari ukiwa umenyooka pale ulipokata kona, simu iliifunga programu ili kuokoa betri. Ingia mipangilio ya betri, iondolee programu hiyo kizuizi, urudie mzunguko hadi kona zote zionekane.