Ndugu Walio Nje na Kibali cha Usalama cha Serikali ya Marekani: Namna ya Kujiandaa

Raia wa Marekani anayeomba kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kuona taarifa za siri za serikali, hanyimwi kibali hicho kwa sababu tu mama yake anaishi nchi nyingine. Vigezo 13 vya upekuzi vinavyotumika tangu Juni 2017 vina Kigezo B kinachohusu ushawishi wa kigeni, na kinachopimwa hapo ni kama ndugu huyo anaweza kutumiwa kumshinikiza au kumrubuni mwombaji. Ndiyo maana kaka aliye mwalimu katika nchi rafiki hana uzito sawa na kaka aliye ofisa wa jeshi katika nchi inayojulikana kwa kuipeleleza Marekani.

Kabla ya kugusa Fomu SF-86, yaani dodoso la kuombea kibali hicho, kusanya majina kamili, tarehe za kuzaliwa, uraia, anwani na kazi za jamaa zako. Sehemu ya 18 inataka wazazi, watoto, ndugu wa kuzaliwa na wa kambo pamoja na wakwe, hata waliokwisha kufariki. Baba wadogo, shangazi na binamu hawamo humo, na hapo ndipo wengi hupumua mapema mno, kwa kuwa Sehemu ya 19 inauliza kuhusu raia yeyote wa kigeni ambaye katika miaka 7 iliyopita umekuwa na mawasiliano ya karibu au ya kudumu naye, na mnaunganishwa na mapenzi, ushawishi, maslahi au wajibu. Binamu mliyelelewa pamoja na mnayeongea kila wiki anaingia hapo.

Sehemu ya 20A inahusu mali za nje na msaada wa fedha kwa raia wa kigeni. Tunza stakabadhi za kutuma fedha, kisha eleza zilimfikia nani na zilikuwa za nini. Ukiwa na kiwanja au nyumba huko, onyesha thamani yake ikilinganishwa na mali uliyo nayo Marekani, kwa sababu mali ndogo ya nje ni vigumu kutumiwa kukubana.

Usimfiche yeyote. Ndugu anayetatiza anaweza kuelezewa, lakini kumficha kunaleta tatizo jingine la uaminifu chini ya Kigezo E kinachohusu mwenendo binafsi, na uongo wa makusudi kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai ambalo adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha miaka 5.

Utetezi wa kwamba huongei sana na wazazi kwa kawaida huwa dhaifu, maana waamuzi huchukulia kuwa uhusiano wa mtu na wazazi wake si wa juu juu. Wenye nguvu zaidi ni ushahidi wa mizizi yako Marekani: mwenzi na watoto walioko huko, nyumba, miaka ya kazi au ya utumishi jeshini.

Mfanyakazi wa mkandarasi wa Wizara ya Ulinzi akipokea hati ya sababu za kutaka kumnyima kibali, ana siku 20 za kujibu kwa maandishi na kwa kiapo, hoja moja baada ya nyingine, na anaweza kuomba kusikilizwa mbele ya jaji wa kiutawala. Omba usikilizwaji huo, hasa kama hadithi ya familia yako haielezeki vizuri kwenye karatasi.

Ukishapewa kibali, safari binafsi za nje huripotiwa kabla ya kuondoka, hata ile ya kwenda kumwona mama.