Hati zako za Google Drive: nakala inayofunguka hata mtandao ukikatika

Kwenye folda ya Google Drive iliyo kwenye kompyuta yako, tafuta faili yenye kiishio cha .gdoc (hati ya Google Docs) uangalie ukubwa wake. Haizidi kilobaiti 1, hata kama hati ina kurasa 200. Ndani hamna maandishi, kuna anwani tu ya kuifikia hati mtandaoni. Ukiihamishia kwenye flashi umehamisha anwani. Akaunti ikifungwa, huna kitu. Wengi hugundua hili wakiwa wameshachelewa.

Nakala ya kweli huombwa takeout.google.com, ukurasa wa Google wa kuombea nakala ya data zako. Huduma zote huwa zimeshatiwa tiki, kwa hiyo ziondoe zote kwanza, kisha tia Drive peke yake. Kwenye sehemu ya miundo, acha docx kwa hati, xlsx kwa majedwali na pptx kwa slaidi. PDF ni nzuri kwa kusoma, ila kuihariri baadaye ni adha. Chagua zip ya GB 2: data ikizidi hapo hugawanywa vipande, na programu za zamani za kufungulia zip hukwama kwenye vipande vikubwa kuliko hivyo. Kiungo cha kupakulia huletwa kwa barua pepe na hufa baada ya siku 7 hivi. Unaweza kupanga ombi lijirudie kila miezi 2 kwa mwaka mzima, lakini kama umechagua kuletewa kiungo, kupakua ni juu yako.

Faili ya docx haibebi historia ya marekebisho. Fomula za majedwali ya Google, kama IMPORTRANGE (huvuta data kutoka jedwali jingine) na QUERY (huchuja data), hazifanyi kazi ndani ya Excel. Hati ulizoshirikishwa tu ni mali ya aliyezianzisha, hivyo usizitegemee humo. Zile unazozihitaji, zitengenezee nakala kwenye Drive yako kabla ya kuomba.

Vipande vyote vifungulie kwenye folda moja yenye njia fupi (mfululizo wa majina ya folda hadi kwenye faili), mfano D:\nakala. Windows kwa kawaida hugoma njia ya faili ikizidi herufi 260, na folda zenye majina marefu zilizopandana hufika huko upesi; faili chache hurukwa nawe usijue. Kisha zima intaneti, ufungue hati ndefu kuliko zote, jedwali lenye fomula nyingi na slaidi zenye picha. Zikifunguka sawasawa, nakili folda hiyo kwenye diski ya nje, uichomoe.