Kabla hujanunua pampu nyingine ya mafuta

Forester SG5 moja ya turbo ililetwa gerejini kwetu Ngara, Nairobi, ikiwa na pampu mbili za mafuta kwenye buti. Moja ni ile iliyotoka nayo Japani, ya pili ilinunuliwa Grogan, kule kwenye maduka ya vipuri. Ya tatu, ya lita 255 kwa saa, ilikuwa ndani ya tenki. Mwenyewe, kijana wa Umoja, aliniambia, "Fundi, nimebadilisha mara mbili na bado, ikipita mizunguko elfu nne na mia tano inakata nguvu kama kuna mtu ameishika nyuma." Hakuna gereji hata moja iliyokuwa imemfungia geji ya kupima presha ya mafuta. Hilo liliniuma, kwa sababu geji ni kazi ya dakika ishirini na pampu ni pesa za mtu.

Anza na namba. Kwenye injini hizi za EJ20 zenye turbo, chomoa ule mpira mdogo wa vakiumu kwenye regulata, kile kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta, uuzibe, uache injini ingurume bila kukanyaga mafuta. Geji inatakiwa kusoma karibu psi 43.5 (psi ni kipimo cha presha). Ukirudisha mpira, presha inashuka kulingana na mvuto wa manifoldi, njia inayoingiza hewa kwenye injini. Hapa watu wengi hushtuka bure. Manuali imeandikwa kwa gari lililo usawa wa bahari, na sisi Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu. Hewa yetu ni nyepesi, mvuto wa injini ni mdogo, kwa hiyo huku nasoma 36 au 37 mahali ambapo Mombasa ningesoma 34 hivi. Gari halina kosa.

Turbo inapojaza, yaani inaposhindilia upepo ndani ya injini, upepo huo husukuma mdomo wa injekta, ile inayonyunyiza mafuta, kutoka upande wa pili, kwa hiyo mafuta nayo lazima yapande kwa kiasi kile kile. Upepo ukifika psi 17, geji isome 60 na kidogo. Ikikwama 47, injekta imebaki na msukumo wa 30 badala ya 43.5, na mafuta yanayotoka yamepungua kwa karibu asilimia 17. Kompyuta ya gari haijui hilo. Inafungua injekta kwa muda ule ule ikidhani mambo ni sawa, mchanganyiko wa hewa na mafuta unakauka, yaani mafuta yanakuwa machache mno, joto linapanda, pistoni inatoboka. Kuweka injekta kubwa zaidi hakutibu tatizo hili.

Kabla ya kufungua paipu yoyote, toa fyuzi ya pampu, piga stata mpaka injini izime yenyewe, kisha chomoa hasi ya betri. Funika kiungo kwa kitambaa unapokilegeza. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, na kama jirani anachomelea au mama anachoma mahindi hapo nje, ngoja au sogeza gari. Petroli haina subira.

Funga geji kwa kiungo cha njia tatu baada ya filta, mpira wake ulio na klempu nzuri uutoe nje ya boneti, na geji uibandike juu ya kioo cha mbele kwa nje, ishikiliwe na waipa. Usiingize mpira wenye petroli ndani ya gari, hata kwa dakika moja. Waya za mita ya volti, zinazotoka kwenye pampu, ndizo zinaweza kuingia ndani. Simu irekodi zote mbili, maana macho hayawezi kusoma geji mbili na barabara. Mimi napimia kwenye daino, mashine ya kukimbizia gari likiwa limesimama. Thika Road si mahali pa kazi hii. Hakikisha tenki lina nusu au zaidi. Gari linaloishi kwa mafuta ya mia tano linavuta hewa kila likipanda mlima, na utapima tatizo ambalo ungelimaliza kwenye kituo cha mafuta. Na kama una sensa ya mchanganyiko, ukiona imepita hewa 12.5 kwa mafuta 1 turbo ikiwa imejaza, toa mguu hapo hapo.

Sasa soma geji na mita kwa pamoja. Volti za kwenye pampu zikianguka sambamba na presha, shida ni umeme. Niliwahi kupima Impreza yenye volti 13.8 kwenye betri na 11.2 kwenye pampu, mguu ukiwa chini kabisa. Kiunganishi cha juu ya tenki kilikuwa kimeungua hadi rangi ya chai. Pampu kubwa inavuta ampea nyingi kuliko waya ule mwembamba wa kiwandani ulivyokusudiwa. Lakini chunga: Subaru nyingi za turbo za miaka hiyo zina kidhibiti kinachopunguzia pampu umeme makusudi wakati injini inanguruma tu. Ukipima wakati huo ukaona volti 8 au 9, usianze kukata waya. Pima ikiwa imebebeshwa mzigo. Tofauti ya nusu volti naiacha, ikizidi volti moja natafuta. Dawa ni waya mnene kutoka betri, fyuzi karibu na betri, na rilei, swichi inayowashwa kwa umeme mdogo. Amri ya rilei ichukuliwe kabla ya kile kidhibiti, vinginevyo itagongagonga mpaka ife.

Forester ya yule kijana haikuwa na shida hiyo. Betri 13.9, pampu 13.4. Presha ilipanda vizuri hadi 52, kisha upepo ukiendelea kupanda yenyewe ikarudi 46. Regulata nayo niliipima: injini ikinguruma, nikabana polepole mpira wa kurudishia mafuta, ule wa raba tu. Regulata mbovu ingefanya presha iruke ghafla mara njia inapobanwa, na hapo unaachia mara moja. Hii ilijikokota hadi 50 ikagoma. Filta ilikuwa mpya. Nikaelekeza mafuta ya kurudi kwenye dumu lenye alama, nikailisha pampu umeme moja kwa moja kutoka betri iliyoungwa na gari jingine linalonguruma, nikahesabu sekunde thelathini. Pampu ya lita 255 kwa saa ni lita 2.1 kwa nusu dakika kwenye karatasi, ikinipa 1.7 naridhika. Hii ilinipa 1.1.

Basi tukafungua tenki. Kati ya pampu na mfuniko kuna kipande cha mpira kirefu kama kidole. Aliyeweka pampu alitumia mpira wa kawaida wa mafuta, ule uliotengenezwa kubeba petroli ndani tu. Kwenye tenki ulikuwa unaogelea, petroli ikiula kwa nje pia. Ulikuwa umevimba na kuwa laini kama ini. Chini yake, pembeni kabisa mwa klempu, palikuwa na mpasuko mdogo kama ukucha. Ukiuangalia hivi hivi umejifunga, huuoni. Nilipoukunja ukafunguka kama mdomo. Kwa presha ndogo ulivuja kidogo, na kadiri turbo ilivyojaza ndivyo ulivyorudisha mafuta mengi tenkini kabla hayajatoka.

Ukinunua mpira wa ndani ya tenki, tafuta ulioandikwa SAE 30R10 ubavuni. Huo ndio wa kuzama. Ni ghali na duka nyingi hazina, lakini unahitaji kipande kifupi tu. Tuliweka huo na klempu mbili za kubana pande zote, si zile za meno zinazokata raba. Dumu likasoma 1.8. Kwenye daino, upepo wa psi 17, sindano ilipanda hadi 60 na haikutikisika mpaka elfu sita na mia tano. Zile pampu mbili za kwenye buti niliziunganisha moja moja kwa betri kwenye ndoo. Zote zilikuwa nzima.