Maneno magumu ya Kingereza: mpe mende kazi

Kama umewahi kuandika mendacious mara kumi kwa notbuk halafu kesho yake ukalipata kwa gazeti ikawa ni kama hamjawahi kuonana, kichwa chako kiko sawa kabisa, ni vile tu hilo neno halikupata mahali pa kujishikilia. Hapa Kisumu nikisaidia vijana wa fom foo na Kingereza tunafanya hivi: tafuta ndani ya neno kitu unachokijua tayari, hata kama ni cha Kiswahili, alafu kipe kituko kinachobeba maana.

Angalia mendacious. Si kuna mende hapo mwanzo? Basi: "The mendacious mende swore to the landlord that he had paid the rent." Mende amesimama mlangoni, ameinua mguu mmoja anaapa kodi alilipa tarehe tano, na meseji ya M-Pesa hana. Neno lenyewe ni la mtu mwenye kusema uongo, na mende anadanganya kweli kweli, hapo ndipo wengi hukosea, wanaandika tu "the mende is mendacious" wanafunga kitabu. Hiyo haishiki, weka hapo fat ama tall na sentensi bado inasimama.

Garrulous, mwenye maneno mengi ya kuchosha, lina gari karibu zima: "The garrulous gari talked about its grandmother from Ahero to Kericho, and by Londiani every passenger had alighted." Soporific, ya kuleta usingizi, mimi huisikia kama supu, bakuli moja na mtaa wote wa Kondele umelala hadi Ijumaa.

Kuna maneno hayana kitu ndani, kama ubiquitous, yaani iko kila mahali. Hapo tumia mtaa wako: bodaboda kwa steji, bodaboda kanisani, ukifungua sufuria ya ugali bodaboda inakupigia honi. Fumba macho uione kabla hujaandika, na isikie hiyo honi.

Matamshi lakini usimwachie mende, mendacious husomwa men-DEI-shas, kwa hivyo sikiza dikshonari ya simu kwanza.

Usikae wiki nzima ndio urudie. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na mwaka wa 1885 akaandika kwamba kusahau huenda mbio sana saa za kwanza, baadaye ndio hupunguza mwendo. Rudia jioni hiyo hiyo, kesho asubuhi, alafu siku ya tatu, na ufunike neno ujiulize, kusoma tu kwa macho hakutoshi.

Ukishalishika, liandikie sentensi ya watu wazima, "The mendacious witness changed his story twice," na hiyo ndio unapeleka kwa composition ya mtihani wa KCSE, mende abaki kwa notbuk.