Jinsi ya kudandia meli ya anga ukiwa na ndege

Watu wanadhani rubani wa Sparrowhawk, kindege cha kivita cha jeshi la majini la Marekani, alitua juu ya mgongo wa USS Macon, ile meli ya anga yao kubwa iliyoelea kwa gesi, hapana jamani, alining'inia chini ya tumbo! Ukitaka kujaribu kwenye simuleta fanya hivi. Kutoka ni rahisi, unashushwa na trapezi, yani fremu yenye fito inayoning'inia chini ya meli, kupitia tundu lenye umbo la T, injini inawaka, unavuta wenzo ndoano inaachia, unadondoka kidogo alafu unaruka zako.

Kurudi ndo kazi. Njoo kwa nyuma na kwa chini, maana ndoano iko juu ya bawa lako la juu na ile meli nayo inakwenda, kwa hiyo we usikimbilie spidi ya ardhini, angalia tu tofauti yenu, ikiwa ndogo sana ndo salama, panda taratibu mpaka ndoano inase kwenye fito ya trapezi. Ukikosa shuka, zunguka, anza upya, usilazimishe kabisa propela iko karibu.

Mwaka 1934 marubani wa Macon walitoa hadi magurudumu wakaweka tangi la ziada la mafuta, yani baharini ukikosa ndoano huna pa kutua. Nawaheshimu sana wale watu.